Mzee wa Lufingo na Ganzi Isiyo ya Sindano

Juzi mmoja wenu, kijana aliyepangiwa kituo huko mbali, alinipigia simu akaniuliza, "Mzee, wewe uliizoea kazi ya meno baada ya muda gani?" Nikamjibu kwamba nilistaafu kabla sijaizoea. Akacheka, akadhani natania.

Sikuwa natania, wanangu. Mimi ni yule mtu anayefunga mlango, akatembea hatua kumi, akarudi kuhakikisha kama ameufunga, kisha akakaa kutwa nzima na hofu kwamba katika kuhakikisha huenda ameufungua. Nilipomaliza chuo na kupangiwa Tukuyu, hali hiyo ilikuwa imekomaa. Njiani kutoka kwetu Dodoma nilikuwa nimeshawaza kila balaa linaloweza kumpata tabibu wa meno: mzizi kukatikia ndani, mgonjwa kuzimia, mgonjwa kuning'ata, mimi kuzimia. Kitu pekee ambacho sikukiwaza kilikuwa mvua. Nilishuka kwenye basi na shati la mikono mifupi, na mvua ile ikaninyeshea kwa muda wa wiki tatu.

Aliyenipokea alikuwa msaidizi wa zamani wa chumba cha meno, ambaye wilaya nzima ilimwita Mzee Koleo. Hakuwa na cheti chochote. Alikuwa na mikono, na macho yaliyoona vinywa kabla mimi sijaota meno. Siku ya kwanza alinikuta nahesabu vyombo mara ya nne.

"Vimepungua?" akaniuliza.

"Hapana, vipo vyote."

"Basi vipumzishe, bwana mdogo. Vina kazi kesho."

Ndiye aliyenifundisha kushika kichupa cha ganzi kiganjani mpaka kipate joto kabla ya kuvuta dawa, kwa sababu Tukuyu ni baridi, na dawa ya baridi inachoma kama siafu. Hilo halikuwa kwenye daftari langu la chuo. Ndiye pia aliyenikanya nisiulize maswali mgonjwa akiwa amefungua kinywa. "Ukishaweka vidole viwili na kioo humo ndani," alisema, "hata askofu atakujibu 'aa'." Shikeni hilo, wanangu. Mwacheni mtu akae, mwulizeni habari za shamba na za watoto, mwulizeni anakula nini na analalaje, ndipo mseme fungua. Mimi nilichelewa kulishika, na nitawaambia nililipia vipi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa na sabuni ya mche na viberiti tu yalijaa vitu ghafla. Soda zikapanda hadi Ikuti, pipi za kila rangi zikafika kabla ya barabara nzuri, na sisi wa meno tukapata kazi isiyoisha. Vijana wakaacha mswaki wa mti kwa sababu ulionekana wa kizamani, wakanunua dawa za meno zenye maandishi ambayo hata mimi niliyesoma sikuyaelewa. Wenzangu wawili niliosoma nao wakafungua vyumba vyao vya meno Mbeya mjini, jambo ambalo miaka michache nyuma lisingeruhusiwa. Mimi nikabaki serikalini. Kila nilipofikiria kufungua changu, nilianza kuwazia bati la paa, nikapitiwa na usingizi nikiwa bado sijafika mlangoni.

Na vifaa vilikuwa haba. Glavu, kwa mfano. Nyie mnazitupa. Sisi tulizifua, tukazianika kwenye kamba kama soksi, tukazipaka poda, tukazivaa tena. Ukipita nyuma ya chumba chetu siku ya jua, ambayo ilikuwa adimu, ungedhani kuna mtu mwenye mikono kumi na sita.

Tulikuwa watatu: mimi, Mzee Koleo na muuguzi wetu, Sista Sekela. Sekela alikuwa mama wa makamo, mpole, hodari wa kushika tochi. Msicheke. Umeme ulikuwa unakwenda na kurudi, na mshika tochi mzuri alikuwa nusu ya tabibu. Tochi ya Sekela haikutikisika. Ukigeuza kioo, mwanga ulikuwa umeshafika.

Sasa asubuhi moja, mwezi wa pili, Mzee Koleo akiwa ameomba ruhusa kwenda kuchuma chai yake, aliingia Mzee Asajile wa Lufingo. Mtu mrefu, koti limemzidi mabega, kiko mfukoni. Alikuwa amestaafu kiwanda cha chai, kule kwenye chumba cha kukaushia. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa.

Kabla sijasema neno, Sista Sekela aliweka tochi mezani, akajifunika kichwa kwa kitenge chake, akageuka kando na kutoka kwa mlango wa nyuma. Hakuaga.

Mnadhani niliwaza juu ya mgonjwa? Niliwaza juu ya Sekela. Asubuhi ile nilikuwa nimemwambia kwamba maji ya vyombo hayajachemka vizuri, na yeye alikuwa amesema yamechemka. Nikajua amekasirika. Nikaanza kupanga namna ya kumwomba radhi, tena kwa maneno gani, na nikisimama wapi.

"Dokta," mzee akasema, "nina binti anaolewa baada ya Pasaka. Mama yake hayupo tena duniani, kwa hiyo nitasimama mimi kusema ya wawili. Hiki kitu kinatoa damu nikisema. Kiondoe."

Akafungua. Chini, upande wa kushoto, pembeni ya gego, palikuwa na kinyama chekundu, ukubwa wa harage. Gego lenyewe lilikuwa linacheza. Nikaandaa sindano.

"Utapunguza dawa," akasema huku akijigusa kidevu. "Hapa pameshakufa ganzi penyewe tangu juma lile. Hata wembe siusikii."

Nikacheka. Wanangu, nilicheka. Nikamwambia amenirahisishia kazi.

Mshika tochi hakuwapo, kwa hiyo nikampa tochi mzee mwenyewe. Aliielekeza kinywani mwake kwa uaminifu mkubwa, ila kila alipomeza mate mwanga ulipanda darini, nami nikawa nang'oa kwa kumbukumbu. Jino lilitoka kirahisi, kama msumari kwenye udongo uliolowa. Nikakata na kile kinyama. Damu ilitoka nyingi kuliko kawaida, nikabana pamba, nikasubiri.

Rafuni palikuwa na chupa ndogo zenye dawa ya kuhifadhia vinyama vya kupelekwa kupimwa. Chuoni tuliambiwa wazi: ukikata uvimbe, usiutupe, peleka. Nilijua. Lakini nikaanza kuwaza. Fomu zimebaki mbili, je, akija mwenye shida zaidi? Chupa ikivunjika kwenye basi la Mbeya? Nikimwambia mzee kinakwenda kupimwa, si atashtuka na arusi iko karibu? Wakati bado nawaza, mkono wangu ulikuwa umeshakitupa kinyama kwenye ndoo, na ndoo imeshakwenda kumwagwa shimoni. Jino nililihifadhi kwenye kisanduku cha kiberiti. Msiniulize kwa nini jino na si kinyama. Ndivyo nilivyokuwa.

Wiki mbili baadaye alirudi. Mahali jino lilipotoka, ambapo pangepaswa kuwa panafunga, palikuwa pamejaa nyama. Haikuwa harage tena. Ilikuwa inasukuma ulimi. Maneno yake yalitoka kama ya mtu anayekula kiazi cha moto.

"Dokta," alisema polepole, "umeking'oa au umekipanda?"

Nikamwomba akae nje kidogo. Sekela, kama mara ya kwanza, alikuwa ameshatoka nyuma. Nikaona mambo yote wazi: sikuchemsha koleo vizuri, nimemtia mzee uchafu, Sekela alijua na ndiyo maana hataki hata kusimama karibu nami. Nikachukua karatasi nikaanza barua ya kuacha kazi. Nilikuwa nimefika kwenye "Kwa heshima na taadhima" Mzee Koleo alipoingia.

Alisoma mstari huo mmoja, akakunja karatasi, akataka nimweleze yote, nikamweleza, hata ganzi ya kidevu, kisha akaniuliza jino liko wapi. Nikampa kisanduku. Akaligeuza jino kwenye mwanga wa dirisha, akalipitisha kucha.

"Lina tundu?"

"Hapana."

"Fizi za mzee zimeoza? Mengine yanacheza?"

"Hapana. Mengine ni imara."

"Sasa jino zima, katikati ya wenzake wazima, linalegea lenyewe kwa uvivu?" Akanirudishia kisanduku. "Kuna kitu kilikuwa kinalisukuma kutoka chini. Na kidevu kikifa ganzi bila sindano, kitu hicho kimeshafika kwenye mshipa wa fahamu. Wewe hukukileta, bwana mdogo. Ulikikuta. Uliza kimetoka wapi."

"Nimuulize nani? Mzee hajataja shida nyingine."

"Waulize watu wa kwake."

Sikujua watu wa kwake. Nikatoka nyuma, nikamkuta Sekela anaanika glavu. Nikaamua kwanza nimalize letu.

"Sista, kama nimekukosea, niambie. Kila mzee huyu akiingia unaniacha peke yangu."

Akanitazama, kisha akacheka mpaka akashika kamba.

"Dokta, kumbe siku zote unadhani nakukimbia wewe? Yule ni baba mkwe wangu."

"Kwa hiyo?"

"Kwenu wakwe hawakimbiwi?"

Kwetu mkwe anaheshimiwa, lakini si hivi. Akanieleza. Kwa Wanyakyusa wa nyumba zilizoshika mila, mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, hakutani naye njiani, hata jina lake halitamki. Wanaita ukutila. Wengi mjini walikuwa wameshalegeza, ila kwa mzee huyu hakuna aliyethubutu. Na mimi nilitaka mama huyo asimame mbele ya baba mkwe wake aliyeachama kinywa, amwangazie hadi kwenye koo.

"Ina maana huijui hali yake," nikasema, nimekata tamaa.

"Namjua kuliko wote." Akashusha sauti. "Ukitaka kumkwepa mtu, lazima ujue aliko. Mimi namsikiliza kikohozi. Akikohoa kwenye migomba, napita kisimani. Akikohoa kisimani, napita kwa jirani. Zamani alikohoa asubuhi tu, kiko chake kikimkwaruza. Tangu tulipovuna mahindi anakohoa mchana kutwa, tena kavu, tena kama kinamng'oa kitu. Chakula nikimpelekea kwa mkono wa mwanangu kinarudi nusu. Wiki jana mwanangu ameniambia babu anatemea kwenye majani ya mgomba na kuyafukia."

"Damu?"

"Nyekundu, amesema."

Nilisimama pale, glavu zinanidondokea maji kichwani. Mimi ni mtu ninayewaza juu ya kila kitu, na mtu aliyejua kila kitu alikuwa nyuma ya mlango wangu, hatua nne, kwa wiki mbili. Nilikuwa nimeshughulika kuwaza kama amenikasirikia.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Dokta. Na mimi nianze vipi kumsema?"

Nikarudi ndani, nikamwita mzee. Safari hii sikumwambia afungue kinywa. Nilikaa kwenye kigoda, uso wangu sawa na wake, nikamuuliza habari za kikohozi.

"Hicho si kikohozi," mzee akasema. "Hilo ni vumbi la chai. Limo kifuani tangu ujana, linatoka kidogo kidogo."

"Na damu?"

Akatazama mlango wa nyuma.

"Ni mke wa mwanangu, siyo? Yuko hapo nje."

Nikajua nimemponza Sekela. Nikaanza kujikanyaga maneno, lakini mzee akainua mkono.

"Unataka kukata tena?"

"Kipande kidogo tu. Hiki lazima kipimwe. Kile cha kwanza nilikitupa, mzee. Nilikosea."

Akashusha mkono. "Nani atashika tochi?"

Mzee Koleo akasema atashika yeye.

"Wewe unatetemeka siku hizi, nimeona ukinywa uji," mzee akamwambia, na ilikuwa kweli. Kisha akasema kuelekea ukutani, kwa sauti ya kusikika nje, "Nyumbani nina mke wa mwanangu, na heshima yake naijua. Huyu anayevaa gauni jeupe hapa simfahamu. Ni mtu wa serikali. Mtu wa serikali aje ashike tochi."

Halafu Sekela akaingia, kitenge hana, gauni jeupe limenyooshwa vizuri. Alitembea ubavu ubavu kama kaa, uso kaelekeza dirishani, akasimama nyuma ya bega langu. Mara ya kwanza mwanga ulipiga sikio langu. Mara ya pili ukampiga Mzee Koleo. Mara ya tatu akavuta pumzi, akatazama mahali panapotakiwa kutazamwa, na tochi ikatulia kama siku zote. Nilikata, kipande kikaingia kwenye chupa, chupa ikafungwa, nami nikahakikisha kizibo mara tatu bila mtu kunicheka.

"Ndaga," mzee akasema baadaye, akimshukuru mtu wa serikali bila kumwangalia.

Picha ya kifua ilipigwa Mbeya. Majibu ya kipande yalikawia, yakaja. Ilikuwa saratani ya pafu. Ilikuwa imeanzia kifuani kimyakimya, ikasafiri kwa damu, ikaota kwenye taya. Ni jambo la nadra, wanangu, lakini hutokea, na mara nyingine kinywa ndicho kinachotangulia kusema. Mgonjwa anakuja na fizi, wewe unatazama fizi, kumbe kinachomuua kiko mbali na kioo chako. Jino zima linalolegea peke yake, kidevu kinachokufa ganzi chenyewe, kidonda cha jino kinachojaa nyama badala ya kufunga: hapo weka koleo chini uulize habari za mwili mzima.

Nilimwandalia mzee maneno saba tofauti ya kumpa habari hiyo, nyuma ya kadi, yamepangwa kuanzia laini. Hakunipa nafasi.

"Ni mbaya," akasema aliponiona nimeshika kadi.

"Ndiyo, mzee."

"Imeanzia kifuani?"

"Ndiyo."

"Na zile wiki mbili, ulipokitupa kile cha kwanza. Zingeniponya?"

Hili ndilo swali nililokuwa naliogopa kuliko yote. Nilikuwa nimeshamuuliza daktari mkubwa wa Mbeya mara mbili. "Hapana," nikasema. "Zingekupunguzia usumbufu. Kukuponya, hapana."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea hesabu iliyokaa sawa. "Basi tuache hizo wiki. Nijibu moja. Siku ya binti yangu, nitasema au sitasema?"

Nikamwambia kuna matibabu ya mionzi Dar es Salaam. Hayataondoa ugonjwa wa kifua, lakini yanaweza kukisinyaza hiki cha kinywani. Nilitaka kuongeza maneno "huenda" na "tukijaliwa" na mengine manne. Mzee Koleo, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, alinikanyaga mguu, nikanyamaza.

Mzee alikwenda na mwanawe, mume wa Sekela. Alirudi amekonda zaidi, shavu limeungua likawa jeusi kwa ile mionzi, lakini uvimbe umenywea mpaka ukalazimika kuutafuta. Kila asubuhi alikuja kwetu, akakaa, na mtu wa serikali akamsafisha kinywa kwa maji ya chumvi ya vuguvugu na kumpaka dawa. Hawakusemezana. Nyumbani, jioni, Sekela alipita njia ya kisimani kama kawaida, kitenge kichwani. Alimpondea ndizi zikawa laini kama uji, na chakula, aliniambia, kikaanza kurudi robo badala ya nusu.

Mzee Asajile alifariki mwezi wa saba, kwenye ile baridi ya ukungu, kitandani kwake. Nimelisema hili mapema ili msilisubiri, kwa sababu ninachotaka kuwaachia ni arusi.

Nilikaa mstari wa pili, pamba mfukoni, dawa ya kuzuia damu mfuko wa pili, macho kwenye kinywa chake. Sekela alikuwa huku nyuma kwa akina mama wapishi, mahali ambapo asingeonekana na angesikia. Mzee akasimama. Sauti ilikuwa ya mkwaruzo, lakini kila neno lilitoka zima. Akasimulia habari za mama wa binti, jinsi walivyokutana kwenye foleni ya kupimisha majani ya chai na mama huyo akampita yeye kwa kilo. Akamtania bwana arusi kwa masikio yake. Akaeleza namna ya kukausha chai, hatua zote, na kwa nini ndoa nayo haitaki moto wa haraka. Nilikuwa nimempangia dakika tano. Jua lilitoka, likaingia mawinguni, likatoka tena. Akaanza habari za babu yake.

Mshereheshaji, kijana wa Kyimo mwenye tai pana ya mtumba, akaja akainama sikioni kwangu.

"Dokta, si wewe uliyeutibu huo mdomo?"

"Ndiyo, ni mimi na wenzangu."

"Basi mwambie aufunge. Wali unapoa."

Nikamwambia awaombe akina mama waupashe moto.